Uliza Shangazi Mlaji: Pizza ya Kweli, na Waini Isiyokuwa Moto kama Chai

Shikamoo Shangazi. Mi na mume wangu mwezi ujao tunatimiza miaka kumi ya ndoa na tunataka kutoka, biriani tumechoka nayo, tunataka pizza ile yenyewe na chupa ya waini tukae tupige stori mpaka watufukuze. Shida kila hoteli mpya tukijaribu twapata kimoja tu, penye pizza nzuri waini hakuna, na penye waini hiyo pizza ni chapati imemwagiwa kechapu. Marafiki wasema twende Malindi. Kweli lazima tufike Malindi?
Mke wa Miaka Kumi, Tudor

Marahaba mwanangu, na hongera, miaka kumi na bado mna stori za kupigiana si haba.

Hao marafiki zako hawajakosea sana. Waitaliano walirusha satelaiti kutoka pale baharini Ngomeni mwaka 1967, wengine wakaja kutalii wakakwama, wakajenga, wakafungua mikahawa, na leo ukitembea Malindi hata muuza vikoi akubembeleza kwa Kitaliano. Kwa hivyo pizza wanaijua. Lakini ni kama kilomita 120 kwenda, na mkishamaliza chupa nani ataendesha kurudi? Bakini Mombasa, mshike tuktuk.

Kwanza ujue mji wenyewe ulivyo. Huku kisiwani, Mji wa Kale, Makadara na vichochoro vyake, hoteli nyingi ni za Waislamu na pombe haivuki kizingiti, na ni haki yao kabisa, wala usimuulize weita ukamtia haya. Waini uitafute ukishavuka daraja la Nyali, kuanzia Links Road kuendelea, ushike barabara ya Malindi mpaka Bamburi na Shanzu kwenye hoteli za ufuoni. Ndio maana unapata kimoja kimoja, unatafuta upande mmoja wa daraja.

Najua wataka nikutajie jina. Sikutajii, na si roho mbaya. Mpishi wa pizza hapa Mombasa ni kama kondakta wa matatu, leo yuko hapa kesho kachukuliwa na jirani kwa nyongeza ya elfu tano, na ile hoteli uliyosifiwa Jumatatu ukienda Ijumaa wakuta kijana mgeni anasukuma unga na kifimbo cha chapati. Kwa hivyo mi nakufundisha kumjua mpishi, hoteli utaipata mwenyewe.

Ukiingia usikae. Nenda karibu na jiko kama laonekana, uangalie vitu viwili. Moto kwanza. Kule Napoli, Italia, pizza yao huingia kwenye jiko la kuni la nyuzijoto 430 mpaka 480 na hutoka baada ya sekunde 60 mpaka 90, basi. Oveni ya kawaida ya nyumbani hukomea kama 250. Wewe umekulia Tudor, mkate wa mofa waujua, wajua ule haupikiki kwenye sufuria, lazima tanuri liwe limeshika moto mpaka kuta zenyewe zinapumua. Pizza ni hivyo hivyo. Jiko likiwa na joto la kutosha unga unavimba ghafla kabla haujakauka, ndio pembeni inakuwa laini ndani na imebabuka nje. Moto ukiwa mdogo inakaa humo dakika ishirini inakaukiana, alafu wakuletea biskuti yenye nyanya. Si lazima iwe kuni, kuna oveni za gesi zenye sakafu ya jiwe zinafanya kazi nzuri tu, mradi imewashwa mapema. Ukifika saa kumi na mbili jioni na wewe ndo mteja wa kwanza, agiza saladi kwanza jiko lipate muda.

Cha pili mikono yake. Mpishi anayejua hufungua donge kwa vidole, anabonyeza kati na kuacha ukingo na hewa yake. Akitoa kifimbo, ile hewa yote kwisha. Alafu muulize kwa upole, unga mmeukanda lini? Akisema sasa hivi, hmm. Akisema jana na uko kwenye friji, kaa chini mwanangu, hapo pana mtu. Kwa joto letu hili unga ukiachwa juu ya meza unaumuka mbio mbio unakuwa mchachu, kwa hivyo anayeulaza kwenye friji usiku kucha anajua anachofanya.

Agizeni margherita ya kwanza, nyanya, chizi, majani ya basil, basi. Najua mume wako atataka ile yenye kuku, mahindi, nanasi na kila kitu kilichobaki jikoni, lakini vitu vingi ndo hufunika makosa. Ikija inua kipande uangalie chini. Madoa meusi meusi kama ya chapati iliyoiva sawasawa, vizuri. Nyeupe pe, irudishe. Na chizi likiogelea kwenye mafuta ya manjano, huenda hiyo si mozzarella, lile chizi la Kitaliano la pizza.

Sasa waini, na hapa ndo nina uchungu wangu. Kuna mahali upande wa Nyali, jina naliacha, walikuwa na rafu nzuri ya mbao imejaa chupa zimesimamishwa, zimepangwa mpaka zinapendeza, lakini rafu iko juu ya mashine ya kahawa na dirisha la magharibi linaipiga jua kuanzia saa tisa. Nikaagiza gilasi ya nyekundu. Ikaja ya moto! Si uvuguvugu, moto, gilasi yenyewe ilikuwa na joto mkononi. Nikamwambia kijana mbona hii ni ya moto, akanijibu kwa heshima zote, "Mama, nyekundu hunywewa kwa joto la chumba." Chumba kipi? Hiyo kanuni ilitoka Ulaya kwenye nyumba za mawe ambazo chumba kina nyuzijoto 16 mpaka 18. Chumba cha Mombasa mwezi wa pili ni 32! Nikaomba ndoo ya barafu akanicheka, alafu akaleta, tukaiweka chupa dakika kumi na tano na yeye mwenyewe nikamwonjesha. Kimya. Sasa hivi yeye ndo huwawekea wateja barafu bila kuulizwa, nimemwona.

Kwa hivyo kabla hujaagiza, angalia chupa zinakaa wapi. Zikiwa kwenye friji au kona ya giza yenye ubaridi, sawa. Zikiwa juani, hata iwe ya bei gani, imeshapikwa, itanuka kama jamu iliyoungua, na kama ni ya kizibo cha cork utaona kizibo kimejisukuma juu kidogo au chupa ina michirizi shingoni. Ukiomba ndoo iwe na barafu NA maji, barafu peke yake haigusi chupa vizuri. Nyekundu dakika 15 yatosha, nyeupe ngoja nusu saa.

Na nunueni chupa, msinunue gilasi. Chupa ni mililita 750, gilasi ya 150 zatoka tano, sasa piga hesabu ya kwenye menyu uone gilasi ya tatu au ya nne mshalipia chupa nzima. Alafu waini ya gilasi mara nyingi ilifunguliwa juzi. Chupa ifunguliwe mbele yenu, na stika ya ushuru ya KRA iwepo, ukiwa na wasiwasi kuna programu yao ya simu inaitwa Soma Label, unakagulia stika hapo hapo mezani, mume wako atakuona mjuaji.

Shangazi mimi sielewi watu wanafurahia nini. Nimeagiza waini nyekundu imeandikwa dry nikaiona chungu na inakausha ulimi, nikaimaliza kwa sababu ya pesa yangu. Ni mimi sijui kunywa ama?
Ulimi Mkavu, Bamburi

Ama umezoea zile tamu tamu za supamaketi, na hakuna aibu, nusu ya Kenya ilianzia hapo. Drai maana yake sukari ya zabibu imeliwa karibu yote na hamira ikawa pombe. Ulaya sheria yao inaiita drai ikiwa mara nyingi haizidi gramu 4 za sukari kwa lita, na tamu ni 45 kwenda juu, sasa ona huo umbali uliouruka kwa usiku mmoja! Ile kukausha ulimi inatoka kwenye maganda ya zabibu, kitu kile kile kilicho kwenye chai ya rangi iliyochemka sana. Usiinywe peke yake, inywe na kitu cha mafuta. Kula kipande cha pizza chenye chizi alafu piga funda, utaona ule ukali umelainika.

Kama bado, shuka kwa Chenin Blanc ya Afrika Kusini, nyeupe, ndo mzabibu wanaoupanda kwa wingi kuliko wote kule, karibu kila menyu ya hapa inayo na bei haiumi. Iwe baridi. Pizza ya kamba au ngisi na hiyo, usiniulize zaidi. Kwa nyekundu jaribu Pinotage, mzabibu waliouzalisha wenyewe kule Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili. Nyanya zina uchachu wake, kwa hivyo waini nayo iwe na uchachu kidogo, ikikosa, sosi ya nyanya itaifanya ionekane imepooza. Waitaliano hutumia Chianti, nyekundu yao, ukiikuta kwa bei ya kibinadamu chukua. Na ukipita Dodoma onja yao, wale huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka.

Kuna ofa ya pizza mbili ndogo kwa bei ya moja kubwa. Si ni bora hiyo?
Bahili wa Mikindani

Kipime. Ndogo ikiwa inchi 8, mbili zikiunganishwa ni kama inchi za mraba 100. Kubwa moja ya inchi 12 ni 113. Umepunjwa na umeshukuru. Lakini zikiwa mbili za inchi 10 hapo wafika 157, kimbia kachukue. Beba futi ya mtoto wa shule kama huniamini. Ila ndogo zina ukingo mwingi, kwa hivyo kama wewe hula katikati tu na kuacha mikia ya mkate kwenye boksi, hata hiyo ya 10 usijipongeze sana.

Shangazi, ofisini tuko kumi, wanne hawanywi na kati yao wawili hawakai kabisa meza yenye pombe. Bosi anataka pizza na waini za kuagana na mwenzetu. Tufanyeje bila kuumiza mtu?
Katibu wa Chai, Moi Avenue

Bosi wako anataka waini au anataka kuagana na mtu? Hao wawili wakikaa wakiwa wamekunja uso au wakija dakika tano wakaondoka, mmeagana nusu nusu. Nendeni pasipo na pombe hapo hapo kisiwani, pizza za halali nzuri zipo, pepperoni ni ya ng'ombe na mambo ya nyama ya nguruwe hayapo jikoni kabisa, maana huko kwengine hata ukiagiza ya mboga kisu cha kukatia ni kile kile kilichokata nyama ya nguruwe, na huyo mwenzako atakaa aiangalie tu. Kinywaji agizeni ukwaju, baridi, sukari kidogo. Nakwambia kweli kabisa kwa pizza yenye chizi ukwaju unafanya kazi ile ile ya waini, unakata mafuta unakufungulia mdomo kwa kipande kinachofuata. Stoney pia si mbaya. Wanaotaka waini wavuke Nyali baadaye na bosi alipe huko.

Na tafadhali, tafadhali, msiingize chupa kwenye mkoba. Nilishaona mtu anamimina chini ya meza kwenye kikombe cha chai kwenye hoteli ya mzee mmoja wa watu, mzee alikuja taratibu akaomba kikombe, akakimwaga nje kwenye mtaro, akamrudishia kikombe. Hakusema neno. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Nikiagiza pizza ya bodaboda kutoka Nyali ikifika Likoni imelowa kama mkate wa chai. Dawa?
Ng'ambo ya Feri

Dawa ni kutoingoja iwe ya moto. Ule mvuke ndani ya boksi ndo unailowesha, na feri nayo ina foleni yake. Waambie wasiikate, na boksi lisivalishwe mfuko. Ikifika weka kikaango mkavu juu ya moto mdogo, vipande viwili viwili, dakika mbili mpaka chini kuwe kugumu tena, alafu dondosha matone ya maji pembeni, funika dakika moja chizi liyeyuke. Maikrowevu usiiguse. Mi kuna siku nimeila hivyo saa nne usiku nikaona ni nzuri kuliko ilivyotoka hotelini, lakini nilikuwa na njaa, kwa hivyo usinishike hapo.