Fyuzi moja ya ampia 30 haitoshi

Kaka, umeuliza kama fyuzi moja ya ampia 30 pale kwenye betri ya boti yako itatosha kwa redio ya mawasiliano ya VHF, GPS na mashine ya kuonyesha samaki. Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Ule waya mwembamba wa GPS ukipiga shoti unaweza kuwaka moto na fyuzi ya 30 bado nzima, nawe uko katikati ya maji.

Weka fyuzi kuu upande wa chanya, karibu kabisa na betri, kisha kila kifaa kipewe yake kwa kadiri kitabu chake kinavyosema. Redio ya wati 25 hula kama ampia 6 ukibonyeza kuongea. Ikiwa mita 4 kutoka kwenye betri, waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza takriban volti 0.36, si mbaya. Wa 1.5 hupoteza zaidi ya 0.5.

Na nunua waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Mimi nilianza na waya wa nyumbani. Nilipoumenya baadaye, shaba ilikuwa nyeusi kama masizi, shibiri nzima ndani ya ganda.