Tangi moja au mawili? Kugawa maji kwenye bustani isiyo na udongo

Ukianza kupanda mboga bila udongo, tangi halikuumizi kichwa. Ndoo moja, saladi chache, pampu ndogo ya hewa inabubujisha maji, basi. Maswali huanza ukiongeza nyanya, halafu pilipili hoho, halafu mtu anakupa mche wa stroberi. Vyote vinywe kwenye tangi moja, au kila kimoja kipewe maji yake?

Nimelima kwa njia zote mbili, na siku hizi sihesabu mimea wala sipimi nafasi kabla ya kuamua. Naangalia mimea inavyokula. Inayotaka maji ya nguvu moja inakaa pamoja hata ikiwa ishirini. Inayopishana naitenganisha hata ikiwa miwili tu.

Nguvu ya maji hupimwa kwa EC, yaani namna maji yanavyopitisha umeme. Chumvi za virutubisho zikizidi, namba inapanda. Saladi hustawi kwenye EC ya 0.8 hadi 1.6 hivi, ukipima kwa milisimensi kwa sentimita. Nyanya iliyoanza kuzaa inataka 2.0 hadi 3.5. Wengi wakiziona namba hizo huamua kugawana hasara, wanaweka 1.8 na kutumaini wote wataridhika. Matokeo yake ni saladi inayoungua ncha za majani yale machanga ya ndani, kwa kuwa maji yakiwa na chumvi nyingi mmea huyavuta kwa shida, na kalisi haifiki kwenye majani yanayokua kwa kasi. Nyanya nayo itazaa, lakini matunda yatakuwa ya majimaji, utamu hakuna. Isitoshe, nyanya ikishaanza kubeba inahitaji potasiamu kwa wingi, wakati saladi hitaji lake kubwa ni nitrojeni. Hilo huwezi kulirekebisha kwa kupandisha au kushusha namba moja.

Kuhusu pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, sioni sababu ya kutenganisha matangi. Karibu mboga zote za nyumbani zinaelewana kati ya 5.5 na 6.5.

Kilichonifanya niegemee upande wa kugawa ni kipimo chenyewe. Tangi lenye mimea ya aina moja linazungumza waziwazi. Maji yakipungua na EC ikapanda, mimea inakunywa kuliko inavyokula, kwa hiyo ongeza maji matupu. Maji yakipungua na EC ikashuka, ina njaa, ongeza virutubisho. Maji yakipungua na EC ikabaki pale pale, umepatia. Sasa changanya nyanya na saladi uone. Tuseme una lita 40 zenye EC ya 1.6, na nyanya mbili zilizokomaa zimekunywa lita 8 katika siku mbili tatu za jua kali. Kama zingechukua maji na kuacha chumvi zote, lita 32 zilizobaki zingesoma 2.0. Kwa kweli huchukua na chumvi kiasi, kwa hiyo utasoma pungufu kidogo ya hapo, lakini umeona mwelekeo. Saladi haijafanya lolote, imekaa pale pale, na chakula chake kimeshakuwa kikali. Wewe ukisoma kipimo unadhani unasikia habari za bustani nzima, kumbe ni nyanya peke yake inayosema. Kipimo hakina ubovu wowote, ila kinakupa wastani, na wastani wa mlaji mkubwa na mlaji mdogo haumhusu yeyote kati yao.

Hata hivyo tangi moja kubwa lina raha yake. Maji mengi hayabadiliki haraka. Ndoo ya lita 10 inaweza kuyumba pH kati ya asubuhi na jioni, ila tangi la lita 80 lenye mimea ile ile litayumba taratibu na kukupa muda wa kulishughulikia. Joto nalo hulipanda polepole. Halafu kuna kazi: unachanganya mara moja, unapima mara moja, unasafisha pampu moja. Watu hulidharau jambo hili wanapochora bustani zao kwenye karatasi. Ukiwa na ndoo sita zilizojitenga, wiki ya kwanza utazipima zote kwa furaha. Baada ya hapo utapima zile zilizo karibu na mlango. Kwangu mimi ndoo isiyopimwa ni mbaya kuliko tangi la pamoja lenye mchanganyiko usiomfaa kila mmoja, maana hilo la pamoja angalau unajua kilichomo. Kwa hiyo usitenge matangi mengi kuliko utakayoyafuatilia.

Hoja inayotajwa zaidi na wanaopenda kutenganisha ni ugonjwa, na wana haki. Kuoza kwa mizizi mara nyingi huletwa na Pythium, kiumbe kidogo ambacho mbegu zake huogelea majini. Kikiingia kwenye tangi la pamoja, kina njia ya kufikia kila mzizi. Utakitambua hivi: mizizi inageuka kahawia na kuteleza, inatoa harufu ya uvundo, na ukishika mzizi mmoja na kuuvuta kwa vidole, ganda la nje linachopoka na kubaki uzi mwembamba katikati. Mzizi mzima haufanyi hivyo. Ila nisikudanganye kwamba kugawa matangi kunatosha. Ukitumia jagi lile lile na kuchovya kipimo kile kile kutoka ndoo moja hadi nyingine bila kusuuza, umeyaunganisha mwenyewe. Na ugonjwa huu unapenda maji ya moto yaliyopungukiwa hewa. Maji ya nyuzi joto 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubaki kama 7.5, na wakati huo mizizi ndiyo inaitaka zaidi. Kulifunika tangi lisipigwe na jua, na kuyaweka maji chini ya nyuzi 22 ukiweza, kutakusaidia kuliko kuongeza tangi la tatu. Kufunika pia kunazuia ule ukijani unaoota kwenye kuta za ndani.

Pampu nayo iangalie. Kwenye mfumo wa mabomba ambapo maji membamba hutiririka chini ya mizizi, umeme ukikatika bustani nzima inaanza kunyauka ndani ya saa chache, maana wote wanategemea pampu moja. Mizizi inayoelea ndani ya maji ina subira zaidi.

Kama unachokihofia katika kutenganisha ni kununua pampu nyingi, mboga za majani hazizihitaji. Kuna njia inayoitwa ya Kratky, kwa jina la Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Unajaza chombo mara moja, mmea unakunywa, kiwango cha maji kinashuka, na mizizi ya juu inavuta hewa kwenye nafasi iliyoachwa. Chombo cha lita 4 hivi kinaweza kuifikisha saladi moja hadi kuvunwa. Nyanya kwa njia hiyo sikushauri, kwa kuwa utashinda unajaza maji. Mpe mche mmoja wa nyanya lita 15 hadi 20 zenye hewa ya kutosha.

Jihadhari na ndoo zilizounganishwa kwa bomba chini. Kwa macho zimejitenga, lakini maji ni yale yale, kwa hiyo hesabu kuwa ni tangi moja. Na usizitolee bomba jembamba. Mizizi ya nyanya huingia humo, ikaziba, na ndoo moja ikafurika huku ya pili ikikauka.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa bustani ya nyumbani ni matangi mawili na ndoo moja ya akiba. Tangi la kwanza ni la majani: saladi, spinachi, rehani. La pili ni la nyanya, pilipili hoho na matango. Stroberi huwashangaza watu, maana inazaa matunda lakini haivumilii chumvi nyingi, kwa hiyo nyumbani kwake ni upande wa majani. Nanaa mimi siichanganyi na yeyote. Ina mizizi ya fujo, ikipata bomba itafika mwisho wa bomba.

Ndoo ya akiba ni ya wageni, hasa mche uliotolewa kwenye udongo. Uoshe mizizi, uukalishe humo wiki moja au mbili kwa virutubisho vya nusu nguvu, kisha uukague kabla ya kuuhamisha. Maji ya ndoo hiyo hayaendi kwenye tangi lolote.

Na kama nafasi inakuruhusu tangi moja tu, chagua mimea inayolifaa tangi badala ya kutafuta mchanganyiko unaofaa mimea yote. Ukilazimika kuchanganya, shika EC ya yule mdogo. Mlaji mkubwa akipungukiwa hudumaa kidogo tu, lakini mdogo akizidishiwa huungua, na jani lililoungua halirudi.

Ukipima, anzia tangi la majani, fuatia la matunda, umalizie ndoo ya wageni, na ukisuuze kipimo kabla ya kukirudisha mahali pake.