Kubakapu patisheni za simu kwa dd: pima baiti kwanza ndo uamini

Mkuu umeuliza kama dd (amri ya Linux ya kukopi) pekee inatosha kubakapu patisheni za simu (vyumba ambavyo memori ya simu imegawanywa) au utafute programu yenye vitufe vya kubofya. Inatosha kabisa, dd haina makuu, unaiambia soma hapa andika pale inakopi baiti kwa baiti basi, ubaya wake haikuulizi swali hata moja, na kama ulikosea unakuja kujua siku ile ile unayoihitaji bakapu. Mimi yalinikuta.

Simu ilikuwa ya chipu ya Qualcomm, nimesharuti (nina ruhusa zote za mfumo), nikavuta patisheni za persist (kalibresheni ya sensa), modemst1, modemst2 na fsg (mambo ya modemu na IMEI) kwa adb exec-out (adb ni programu ya kuiamuru simu kutoka kompyuta), nikaelekeza kwenye mafaili ya kompyuta nikalala usingizi mnono. Miezi kadhaa mbele nikaflashi (nikaandika kwenye simu) programu ya modemu isiyo yake, simu inawaka vizuri tu ila laini haisomi, napiga *#06# sehemu ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) hamna kitu. Nikasema si nina bakapu bwana. Nafungua folda, persist.img ina zaidi ya MB 60 wakati patisheni yenyewe ni MB 32! Kumbe amri nilizipigia kwenye PowerShell 5.1, dirisha la amri la Windows, na ile alama yake ya > inachukulia kila kinachopita kuwa maandishi, baiti moja inageuzwa mbili, kwa hiyo mafaili yote manne takataka. Kilichoniokoa ni kwamba fsg ya kwenye simu ilikuwa haijaguswa, humo ndo hukaa nakala ya mipangilio ya modemu, nikajaza sifuri modemst1 na modemst2 simu ilivyowaka ikaziunda upya kutoka humo. Bahati tu ile, usiifanye ndo mpango wako.

Sasa hivi natumia cmd ya kawaida ya Windows au Linux. Kwanza `ls -l /dev/block/by-name` uone majina (simu nyingine za zamani njia inapita /dev/block/bootdevice/by-name), halafu naweka simu hali ya ndege, halafu:

`adb exec-out "su -c 'dd if=/dev/block/by-name/persist bs=4M 2>/dev/null'" > persist.img`

Hiyo 2>/dev/null usiiache. dd ikimaliza inatoa ripoti ya ilichokopi, na kwenye exec-out ripoti inaweza kuingia mkiani mwa faili lako, unakuta baiti chache za ziada unabaki unashangaa zimetoka wapi. Ndo maana napima ukubwa, ndani ya adb shell: `su -c 'blockdev --getsize64 /dev/block/by-name/persist'` ikisema 33554432 na faili lazima liwe 33554432, siyo karibu na hapo. Kisha sha256sum (alama ya kipekee ya yaliyomo) pande zote mbili, simu na kompyuta. Kwa boot (patisheni ya kuwashia simu) lazima zilingane. Kwa persist zikipishana usipaniki, simu ikiwa imewaka huwa inaandika humo, ingia rikava (hali ya ukarabati, mfumo wa kawaida haujawaka) urudie.

Userdata (patisheni ya picha, app na mafaili yako) mimi sihangaiki nayo. Simu za siku hizi zinasimba data na funguo zake zimefungamana na chipu, ukishafanya factory reset lile dude la GB 100 halifunguki tena, na ukilitupia kwenye memori kadi ya FAT32 litakatikia GB 4. Picha na mafaili chukua kwa adb pull yaishe. Vipatisheni vidogo vya MB chache ndo roho ya simu, maana system unaweza kupakua tena ila IMEI yako na kalibresheni ya sensa havipo sehemu nyingine yoyote. Wenye simu za chipu ya MediaTek ninyi tafuteni nvram na nvdata. Na usikubali persist au modemst ya simu ya mtu mwingine hata kama ni modeli ile ile.

Kama hujaruti bado, kumbuka kufungua butiloda (programu inayoanzisha simu, hatua ya kuelekea kuruti) kunafuta data zote, hamisha vitu vyako kabla.

Kurudisha ni kugeuza if (inakosoma) na of (inakoandika), na hapo ndo watu wanaua simu, jina moja tu likikosewa umeandika juu ya patisheni nyingine na hakuna wa kukuuliza una uhakika. Mimi amri ya kurudisha naiandika notipadi kwanza, naisoma kwa sauti kuanzia of=, ndo naibandika.