Laini ya Nyumbani Usiiache Nyumbani

Mwaka jana nilimpeleka mama Chennai, India, kutibiwa moyo. Pasipoti, viza, barua za daktari, nguo za mama, vyote nilivipanga mapema. Simu ndiyo sikuifikiria. Nilikuwa nimesikia kwamba laini ya Tanzania ukivuka nayo mpaka, inakula salio hadi liishe, nikaamini. Nikaichomoa, nikaiweka kwenye kitochi na kumwachia mdogo wangu hapa Ipagala, Dodoma, ili wateja wangu wa mafuta ya alizeti wasinikose. Tukapanda treni ya SGR kwenda Dar, simu yangu haina laini hata moja.

Asubuhi ya tatu nilikuwa kwenye dirisha la dawa hospitalini, nalipa kwa kadi kupitia simu, natumia waifai ya hospitali. Benki ikatuma tarakimu za uthibitisho. Zilikwenda Ipagala. Chennai ilikuwa saa 3 asubuhi, Dodoma saa 12 na nusu. Mdogo wangu amelala, kitochi kiko sebuleni kwenye chaji. Alipoamka, muda wa zile tarakimu ulikuwa umekwisha. Mama ameketi kwenye benchi nyuma yangu, amejitanda kitenge, ananiuliza kama dawa hazipo. Tukaanza upya, mdogo wangu akanisomea tarakimu kwa WhatsApp, malipo yakapita. Sikufurahi. Kusomeana tarakimu za benki ndiyo njia wanayoitumia matapeli kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakataza watu wa nyumbani wasifanye hivyo.

Kwa hiyo nakuomba, laini yako safiri nayo. Hofu ya salio ina msingi, lakini dawa yake ipo. Ukiwa ugenini laini yako inajishikiza kwenye mnara wa kampuni ya huko; kampuni yako inailipa ile, kisha inakudai wewe. Hiyo ndiyo romingi. Kinachomaliza watu hasa ni data, kwa sababu simu hufanya kazi bila kutumwa: inasasisha programu, inapandisha picha, inashusha video za magrupu. Ingia kwenye mipangilio, zima data ya romingi kwenye laini ya Tanzania, lakini laini yenyewe iache hewani. Ujumbe wa benki utaingia, na kwa kawaida kupokea ujumbe mfupi hakuna malipo. Simu ya kupigiwa ni habari nyingine. Ukiipokea, mara nyingi unakatwa hata wewe uliyepigiwa. Waambie nyumbani wakutafute kwa WhatsApp.

Romingi ifunguliwe kabla hujaondoka, ukiwa bado na wahudumu wa kampuni yako karibu, hapa mjini. Waulize bei ya nchi unayokwenda, weka salio kidogo, na uchukue namba yao ndefu inayoanza na +255, maana zile namba fupi za huduma kwa wateja usizitegemee ukiwa nje. Benki nayo iambie kwamba kadi itatumika India. Na namba za ndugu zote zihifadhi kwa +255 badala ya sifuri. Ukipiga 07 ukiwa Chennai hufiki Dodoma.

Ichunge hiyo laini kama pasipoti. Laini zetu zimesajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, kwa hiyo ikipotea ugenini, vidole vyako viko huko na wakala yuko huku. Mimi sasa naiwekea neno la siri la laini, tofauti na lile la simu, ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine akapokea tarakimu za benki yangu. Namba muhimu nimeziandika pia kwenye karatasi ndani ya pochi ya mama.

Data nunua huko huko. Simu nyingi tunazotumia zina nafasi mbili za laini. Ya pili ndiyo ya mgeni. India watakutaka pasipoti, viza na picha, na laini inaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuwaka, kwa hiyo usiingoje ndipo umtafute mwenyeji wako. WhatsApp iache kwenye namba yako ya zamani, itafanya kazi vilevile. Simu uliyotumiwa na ndugu kutoka Marekani ijaribu kwanza, kwani nyingine zimefungwa kwa kampuni moja.

Pakua ramani ya mji na lugha ya Kitamil kwenye programu ya kutafsiri ukiwa bado nyumbani. Hospitalini Kiingereza kinatosha, lakini dereva wa bajaji, zile za njano, nilimwonyesha maandishi kwenye kioo ndipo tukaelewana.

Miezi sita baadaye tulirudi kwa uchunguzi, safari hii laini ikiwa mfukoni mwangu. Tulipita Dubai, na Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa, ila ujumbe na sauti za kurekodi zinapita. Mama akamrekodia bibi aliyeko Mpwapwa: “Mbukwenyi,” salamu ya Kigogo, akamweleza kwamba ndege ya kwanza imetua salama. Jibu la bibi tulilisikiliza Chennai, kwenye benchi lile lile la dirisha la dawa, nikiwa nimeshalipa.