Mwalimu wangu hayupo Wikipedia, nimwandikie au nitapoteza muda?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo mwaka wa tatu chuo, nasoma kemia. Kuna mama mmoja profesa anatufundisha, anaijua kazi yake balaa, ana makala kibao kwenye majarida ya nje, lakini ukimtafuta Wikipedia hamna kitu. Nataka nimwandikie mimi, ila rafiki yangu anasema nisijisumbue, mwanamke tena Mwafrika wataufuta tu huo ukurasa. Ni kweli au ni maneno ya watu?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako hajazusha, pengo lipo na limepimwa. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza wasifu wa wanawake ni kama mmoja kwa kila watano, na hapo ni baada ya watu kukomaa miaka kibao, maana kundi la Women in Red, wanaojitolea kuongeza wasifu wa wanawake humo, lilipoanza 2015 ilikuwa kama asilimia 15 tu.

Linaloniuma mpaka leo ni la Donna Strickland, mwanafizikia wa Canada. Mwezi wa tano 2018 rasimu ya ukurasa wake ilikataliwa, mhakiki kasema vyanzo havionyeshi kwamba anastahili. Tarehe 2 mwezi wa kumi mwaka huohuo anatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu tu kuipata, wa kwanza akiwa Marie Curie 1903, na kazi yenyewe ni ya leza aliyoifanya miaka ya 80 akiwa mwanafunzi wa Gérard Mourou, leza zinazotumika leo hata kwenye upasuaji wa macho. Mourou kashinda naye kwa kazi hiyohiyo, yeye ukurasa alikuwa nao siku nyingi. Jamani!

Na kwa kuwa wewe ni wa kemia, mjue Clarice Phelps, Mmarekani mweusi wa maabara ya Oak Ridge, alikuwa kwenye timu iliyosafisha elementi ya berkeli iliyotumika kupata elementi namba 117, tennessine. Ukurasa wake aliuandika Jess Wade, mwanafizikia wa Imperial College London ambaye ameandika wasifu wa wanasayansi wanawake kwa mamia, ukafutwa 2019 baada ya mabishano marefu kwamba hajaandikwa vya kutosha, ukarudishwa 2020.

Sasa shida inaanzia wapi? Wikipedia haiulizi umefanya nini, inauliza nani kaandika kuhusu wewe, na awe mtu asiye na uhusiano na wewe. Ripota akitafuta mtaalamu wa kumhoji anampigia yuleyule anayempigia kila siku, na mara nyingi ni mwanaume, kwa hiyo profesa wako anaweza akafundisha miaka thelathini na gazetini asitokee hata mara moja. Kwa wasomi kuna vigezo vingine pia, tuzo kubwa, uhariri mkuu wa jarida linaloheshimika, au kiti cha uprofesa chenye jina maalumu. Hicho cha mwisho Marekani ni kitu cha kawaida, huku kwetu ni vya kuhesabu, kile cha Mwalimu Nyerere pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeanza 2008 tu na wa kwanza kukikalia ni Issa Shivji. Karatasini sheria ni moja kwa wote, ila unaona mwenyewe inamwangukia nani.

Katherine Maher alipokuwa anaongoza Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, alisema Wikipedia ni kioo tu cha upendeleo wa dunia. Nakubali nusu. Utafiti wa mwanasosiolojia Francesca Tripodi wa 2021 ulionyesha wasifu wa wanawake hupendekezwa kufutwa mara nyingi zaidi kuliko wa wanaume, hata wale wanaotimiza vigezo, na hapo huwezi kusingizia magazeti, hapo ni wanaoediti wenyewe.

Kwa hiyo andika, ila usianze na ukurasa. Anza na vyanzo. Kusanya mahojiano yake, taarifa za tuzo, makala za wengine zinazojadili utafiti wake, angalia pia kazi zake zimenukuliwa mara ngapi. Profaili ya tovuti ya chuo inasaidia tarehe na vyeo lakini haihesabiki kama ushahidi kwamba anastahili. Ukikuta hakuna kitu basi kazi yako ya kwanza ni redio na gazeti, mpelekee mwandishi wa habari za sayansi namba ya profesa, kwa ruhusa yake. Andika kwenye ukurasa wako wa majaribio kwanza, sentensi kavu bila sifa, "gwiji" na "mahiri" zinaponza kurasa nyingi, kila dai na chanzo chake. Sema wazi kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba ni mwalimu wako, ukificha wakigundua watakushuku hata kwa yale ya kweli. Weka na toleo la Kiswahili, wenzako wengi watamsoma huko. Picha mpige mwenyewe akikubali, ukiichukua mtandaoni itaondolewa kwa ajili ya hakimiliki.