Leti ya zamani: weka msasa pembeni, anza na mafuta ya taa

Tangazo la mnada liliandika "mashine chakavu". Ilikuwa imelala stoo ya karakana moja ya kufundishia, imefunikwa magunia, juu yake ndoo mbili za rangi iliyokauka. Nilipofuta kibao chake kwa kidole nikasoma Myford ML7. Moyo ukanidunda. Hii ni leti, yaani mashine ya kuchongea vyuma, ndogo ya benchi ya Kiingereza, iliyoanza kutengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, mwaka 1946. Nikakaza uso kama mnunuzi wa vyuma vya kupima kwa kilo, nikalipa, tukaipandisha kwenye guta mpaka Kizota, hapa Dodoma.

Siku hiyohiyo kijana wangu wa kazi akachomeka grenda, kaifunga brashi ya waya. Nikachomoa waya ukutani. Kitanda cha leti ndiyo rula yake: kile kibebea kisu kinateleza juu yake, na ukikila kwa grenda au msasa mahali pamoja, kila shafti utakayochonga itatoka na unene wa kuyumba. Na namba za kwenye mikono ya kuzungushia ukishazifuta, umebaki na mashine kipofu.

Tulitumia mafuta ya taa, brashi ya kufulia na vipande vya ndoo ya plastiki tulivyovichonga kama patasi. Siku nne. Huwa napiga picha kila kifuniko kabla ya kukifungua, na kila nati inaingia kwenye kopo lake. Kompresa nayo isikaribie. Upepo wake unasukuma chembe za chuma ndani kabisa, mahali ambapo brashi haifiki.

Watu wa Tanga na Dar wanapigana na kutu. Sisi huku tunapigana na vumbi, hasa ile miezi ya upepo kabla mvua za Desemba hazijaanza. Na hapa ndipo nilipokuta maovu yaliyofanyiwa mashine hii. ML7 ina nipo kadhaa, vile vinundu vinavyofanana kabisa na vya kupigia grisi kwenye gari. Mtu yeyote aliyepita gereji atachukua bomba la grisi apige. Kosa! Zile ni za oili. Grisi haitiririki ikafika kote, inakaa palepale, inakusanya vumbi, na vumbi la Dodoma ndani ya grisi ni sawa na ile dawa ya kusagia valvu. Nilipofungua shafti ya kati, ile inayopokea mkanda wa mota, nilitoa uji mweusi. Nikausugua kati ya vidole viwili, ukakwaruza kama mchanga wa Mto Mkondoa.

Sasa nawekea oili ya haidroliki namba 32, inapatikana kwa wauza vipuri. Oili ya injini namba 40 ni nzito mno kwa spindo yake, ile shafti kuu inayozungusha kipande unachochonga, ambayo haizunguki kwenye gololi bali kwenye vikombe vya madini meupe laini, ikilishwa oili tone kwa tone kutoka kwenye vichupa viwili juu. Vifuniko vya vikombe hivyo vitie alama kabla ya kuvitoa, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Vikibadilishana, utajuta.

Nami nina la kujuta. Chaki, lile kombe lenye taya za kubania kipande, ilikuwa imeng'ang'ania kwenye nyuzi za spindo. Ili spindo isizunguke, nikaingiza gia za mwendo mdogo huku pini ya gia kubwa nayo imefungwa, nikavuta kwa bomba refu. Tak! Jino moja la gia likaanguka kwenye trei. Mzee mmoja jirani, fundi wa miaka mingi, alikuja kutazama, akaitikia shikamoo yangu, akaokota lile jino na kulitia mfukoni mwa shati langu. "Tunza," akasema, "hiyo ndiyo ada ya shule." Kisha akanionyesha: mafuta ya kupenyeza siku mbili, chuma kirefu kibanwe kwenye taya za chaki, gia zote ziwe huru, spindo ishikwe na mkanda tu, halafu pigo moja la ghafla la nyundo kwenda upande wa kufungulia. Ilifunguka pigo la tatu. Jino tulilijenga upya kwa gesi na shaba, nikalipiga tupa jioni mbili.

Sehemu ndogo zilizokula kutu nilizitumbukiza kwenye maji ya magadi, kijiko kikubwa kwa kila lita nne. Ndiyo, magadi ya mlenda, na mama watoto hajasahau. Chaji ya betri ya volti 12: hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu. Usitumie stenlesi kama chuma hicho, inatoa sumu. Fanyia nje, mbali na moto, maana mapovu yale ni gesi inayolipuka. Aluminiamu usiiingize. Ukikitoa kipande, kikaushe na kukipaka oili palepale, la sivyo kinarudia wekundu kabla hujamaliza chai.

Spana za milimita ziache kwenye boksi. Nati zake ni za vipimo vya Kiingereza, na spana isiyo yake inakula kona. Ulizia kwa waliotengeneza Land Rover za zamani. Mimi nilipata seti karibu nzima kwa mzee yuleyule.

Wiki iliyopita nimechonga bushi ya mashine ya kukamulia alizeti, na tofauti ya unene kutoka mwisho mmoja hadi mwingine haikuonekana kwa kipimo changu. Jioni naifuta, naifunika shuka la pamba, si nailoni inayotunza unyevu. Rangi bado sijapaka.