Ukitubu, Rudisha

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mtu akishatubu mbele za Mungu, bado anadaiwa kitu na binadamu aliyemkosea?" Ndiyo, anadaiwa. Ninaandika kwa sababu lile jibu la "Mungu amekwisha kumsamehe, mengine yaacheni" limezoeleka mno hapa Tabora, kwenye mikesha na hata kwenye vikao vya usuluhishi wa ndugu, na linamwumiza mara ya pili mtu aliyekwisha kuumizwa.

Torati iko wazi kuliko mahubiri mengi. Walawi 6 na Hesabu 5 zinamtaka aliyedhulumu au aliyekana amana arudishe mali yote, aongeze juu yake sehemu ya tano, na pia alete sadaka ya hatia. Mwizi wa mifugo aliyekwisha kuchinja au kuuza anabanwa zaidi: Kutoka 22 inamtoza ng'ombe watano kwa mmoja na kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alipoahidi kurudisha mara nne, alijipimia kipimo kizito kama cha mwizi wa kondoo. Ila tuangalie mpangilio wa habari yenyewe. Yesu alikwisha kusema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajataja hata senti. Neema ilitangulia, malipo yakafuata, kwa hiyo asije mtu akasema kurudisha ni kununua msamaha.

Tuifanyie hesabu. Karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha tumbaku amempunja mkulima kilo 10, na bei tuseme ni Sh 5,000 kwa kilo. Deni ni Sh 50,000. Sehemu ya tano ni Sh 10,000. Anapeleka Sh 60,000 kwa mkulima mwenyewe, na anataja alichofanya: msimu gani, mzigo gani, kilo ngapi. Kusema "kama kuna mahali nilikukosea, nisamehe" hakutoshi, maana hapo hakuna kosa lililotajwa, na mkulima hajui hata anaombwa asamehe nini.

Wakatoliki wanafundishwa kwamba mwenye kutubu ana matendo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Wengi hudhani malipizi yanaishia kwenye sala anazopewa mtu na padri. Katekisimu, namba 1459, inasema ondoleo analotamka padri huondoa dhambi lakini halitengenezi uharibifu wote uliosababishwa na dhambi, na inataja kurudisha vitu vilivyoibwa na kurudishia heshima aliyesingiziwa. Upande wa Waprotestanti, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuvuka hadi Tanganyika ulijulikana kwa jambo hilo hilo: waliookoka walirudisha walivyoiba. Wenzetu wa Kigoma wanaopakana na Burundi wakiwauliza wazee wa makanisa yao, sidhani kama watalikuta jambo hili geni.

Sasa yanapoharibikia. Kosa la kwanza, na ndilo baya zaidi, ni kupeleka fedha ya dhuluma kanisani kama sadaka ya shukrani. Fedha ile ina mwenyewe. Hesabu 5 inaiachia kwa kuhani pale tu ambapo aliyedhulumiwa hana jamaa wa karibu wa kulipwa. Mwenye mali akiwa amekufa, wapo warithi. Akiwa hajulikani kabisa, kama wanunuzi wa sokoni waliopimiwa kwa kipimo pungufu, wape maskini.

Lingine ni kuungama hadharani dhambi iliyomhusu mtu wa pili. Anayesimama mbele ya kanisa na kumtaja mwanamke aliyezini naye anamvua nguo mtu ambaye hakuomba kusimamishwa pale. Hilo liishie kwa mchungaji au padri. Hapo ndipo ninapomkumbuka mfalme Sauli katika 1 Samweli 15. Alisema nimefanya dhambi, kama Daudi alivyokuja kusema baadaye, lakini akaomba papo hapo aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Machozi ya mimbarani yanapaswa kupimwa kwa kipimo hicho: anayelia anatubu, au anatafuta heshima?

Halafu kuna kumshurutisha aliyekosewa. Mathayo 5:23-24 inamwagiza mkosaji aiache sadaka madhabahuni aende kupatana. Safari ni yake yeye. Hana haki ya kufika na Biblia mkononi akidai asamehewe siku hiyo hiyo. Tena kusamehewa na kuaminiwa ni vitu viwili. Mweka hazina aliyekula akiba ya kikoba anaweza kusamehewa kwa moyo wote na bado asikabidhiwe ufunguo wa sanduku. Mke aliyepigwa anaweza kusamehe akiwa bado anaishi kwa wazazi wake, na asiitwe mwenye moyo mgumu kwa hilo.

Je, kujitokeza kukihatarisha maisha? Mkatoliki anaweza kumwomba padri aifikishe fedha bila kutaja jina, kwa kuwa siri ya kitubio inamlinda. Na asiyeweza kulipa yote kwa mkupuo aende hivyo hivyo mikono mitupu, akiri, waandikishane kiasi na tarehe mbele ya mashahidi wawili, kisha aanze na hicho kidogo alicho nacho wiki hiyo hiyo, bila kungoja tumbaku iuzwe.

Msomaji, Tabora